Pampu, betri na shemeji: nifuate la nani?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nakuandikia kuhusu maji, ingawa kusema kweli ni suala la familia pia.

Tuko watu 7 ndani ya nyumba: mimi, mume wangu, watoto 4 na baba mkwe. Baba alipata kiharusi na upande wake wa kushoto haujarudi vizuri. Chumba chake na bafu lake viko ghorofani, naye hataki kabisa kuhamishwa. Umeme ukikatika, maji ya ghorofani hukata hapo hapo, kwa hiyo mimi au mwanangu mkubwa hupandisha ndoo kwa ngazi. Kilichonishtua ni kugundua kwamba baba anapunguza kunywa maji mchana ili asihitaji choo wakati umeme haupo.

Mfumo wetu uko hivi. Kisimani kuna pampu ya 1.1 kW inayojaza tangi la lita 1,000 lililo juu ya mnara wa mita 4. Floti (boya) iliyo ndani ya tangi huiwasha na kuizima kupitia kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa na umeme. Maji yakitoka kwenye tangi huingia pampu ndogo ya presha, ya 0.37 kW, yenye kontrola ya elektroniki (ile yenye taa na kitufe cha kuanzisha upya), ndipo yasambae nyumba nzima. Umeme hukatika karibu kila siku kwa saa 3 hadi 8, na kuna nyakati ukirudi hukaa saa 4 tu.

Mume wangu anataka tuweke kila kitu kwenye betri mara moja: inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya 5 kVA na betri 4 mpya za risasi na asidi, za 12 V na 200 Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) kila moja. Hapo akiba yetu yote itakwisha, pamoja na ile tuliyotenga kwa mazoezi ya viungo ya baba. Shemeji, mdogo wake mume wangu, ni fundi umeme. Yeye ana betri 4 za 100 Ah zilizotolewa kwenye ofisi fulani. Anasema kila moja inasoma 12.6 V, na atatufungia bure. Mimi nilitaja betri ya litiamu, hata kama ni ndogo, nikaambiwa mambo ya umeme niwaachie wenyewe.

Kabla ya hapo shemeji alituletea UPS ya kompyuta, kile kisanduku chenye betri ndani, iliyoandikwa 1500 VA. Umeme ulipokatika ikapiga kelele, kontrola ikagonga ndani tik-tik-tik, pampu ikanguruma bila kuzunguka. Baada ya kujaribu tena na tena, kontrola haikuwaka. Yeye anasema kontrola ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Tumeshanunua nyingine.

Nifanyeje? Nikikataa betri za shemeji nitaonekana nadharau wema wake. Nikikaa kimya, naogopa kontrola ya pili itakwenda na maji. Na kwa nini kifaa cha 1500 kishindwe na pampu ya 370?

Mkazamwana wa ghorofani

*

Marahaba, dada yangu. Baba apate nafuu, nawe upate msaidizi wa hizo ndoo.

Kama nimekuelewa, mezani kuna mapendekezo matatu: mfumo mkubwa wa mumeo, betri za bure za shemeji, na litiamu yako. Kila moja limeshika jina la mtu, ndiyo maana kulikataa pendekezo kunaonekana kama kumkataa mwenyewe. Tuyaweke majina kando kwanza tuitazame mota, kwa sababu swali lako la mwisho ndilo linalofungua mengine yote.

Ile 0.37 kW kwenye kibao cha pampu ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Kinachoingia kutoka kwenye waya ni kikubwa zaidi. Pampu ya ukubwa huo huvuta kama wati 600, karibu ampea 2.8. Hiyo ni ikiwa imeshazunguka. Wakati wa kuanza, kwa muda usiofika sekunde moja, mota ya fezi moja yaweza kuvuta mara 4 ya hapo au zaidi. Ampea 11 kwa volti 230 ni zaidi ya VA 2,500. UPS ya kompyuta yenye 1500 VA kwa kawaida huhimili wati 900 hivi, na nyingi hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi ambao mota haiupendi: hunguruma, hupata joto, hukosa nguvu ya kuanzia. Volti ikaporomoka, rilei ya kontrola (swichi ndogo ya umeme iliyo ndani yake) ikaachia, mzigo ukaondoka, volti ikapanda, rilei ikashika tena. Hiyo ndiyo tik-tik-tik uliyoisikia. Kila mlio ni cheche kwenye ncha za rilei pamoja na kishindo cha umeme kwenye bodi. Siwezi kusema kontrola ile ilikuwa nzima au mbovu kabla. Ninachoweza kusema ni kwamba hata mpya isingedumu kwenye hali hiyo, na kwamba hiyo mpya mliyonunua isionjeshwe UPS ile hata mara moja.

Sasa niruhusu niulize kuhusu neno "kila kitu". Wakati umeme haupo, ni kitu gani hasa lazima kifanye kazi? Kwa barua yako naona ni bafu la baba na choo chake. Pampu ya kisima haina haraka hiyo. Watu 7 wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku ni lita 700. Katika saa 8 za giza hawatafikia nusu ya tangi. Tatizo huja umeme unapokatika tangi likiwa tayari limeshuka, na hilo mara nyingi ni kosa la floti. Floti ya kuning'inia huwasha na kuzima kulingana na urefu wa waya kati ya uzito wake na floti yenyewe. Waya ukiwa mrefu, pampu husubiri mpaka zibaki lita 300 ndipo iwashe. Ukifupishwa, itawasha zikiwa zimebaki lita 750. Pampu itaanza mara nyingi zaidi kwa siku, lakini si kwa kiasi cha kuitesa, na giza litawakuta na tangi lenye maji. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Hapo hapo mwambie fundi aongeze rilei ya kuchelewesha ya dakika 3 hadi 5 kwenye kontakta, ili umeme ukirudi na volti ya kuyumba, pampu ya kisima isirukie mara moja.

Kuna jambo jingine lisilohitaji betri. Maji ya ghorofani hukata kwa sababu njia pekee inapita ndani ya pampu iliyosimama na valvu ya kontrola yenye springi. Fundi bomba anaweza kuweka bomba la inchi 1 sambamba na pampu, lenye valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Pampu ikifanya kazi, valvu hujifunga. Ikisimama, maji ya tangi hupita yenyewe. Kwa mnara wa mita 4 usitegemee bafu la mvua ghorofani, maana kichwa chake kiko karibu usawa mmoja na maji ya tangi. Lakini bomba la chini ukutani, na tangi la choo, viko chini ya hapo kwa mita 1 au 2. Presha hiyo ni ndogo, bar 0.1 hadi 0.2, kwa hiyo valvu ya choo iwe ya aina ya presha ndogo, vinginevyo haitafunguka vizuri. Choo kitajaa polepole, lakini kitajaa. Na ndoo ya kuogea itajazwa huko huko juu, bila ngazi.

Je, hilo latosha? Pengine ndiyo, pengine baba anataka maji ya mvua juu ya mabega yake kama mtu mwingine yeyote. Sijasoma popote kwenye barua yako kwamba ameulizwa. Muulizeni. Jibu lake litabadilisha ukubwa wa betri kuliko hesabu yoyote nitakayokupa.

Tuseme mmeamua pampu ya presha iwe kwenye betri. Angalia jinsi umeme unavyoliwa. Lita 300 katika saa 8, kwa pampu ya lita 30 kwa dakika, ni dakika 10 za kazi. Wati 600 kwa dakika 10 ni wati-saa 100. Ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta, 120 hivi. Kontrola yenyewe ikila wati 5, kwa saa 8 ni 40. Halafu kuna mlaji ambaye watu humsahau: inveta ikiwa imewashwa tu bila kazi. Ya 2 kVA yenye transfoma hula wati 20 hadi 30. Kwa saa 8 ni kama wati-saa 200, zaidi ya pampu na kontrola kwa pamoja. Jumla ni chini ya 400. Ya 5 kVA aghalabu hula wati 40 hadi 60. Ikiachwa imewashwa usiku na mchana kwa wati 50, inakula wati-saa 1,200 kwa siku, na umeme huo ungetosha kuendesha pampu yenu ya kisima dakika 45.

Inveta nyingi zina hali ya kulala ili kupunguza ulaji huo: hutuma mapigo madogo na kuamka zikigundua mzigo. Kwa pampu yenye kontrola ya elektroniki hilo huleta mkanganyiko. Kontrola ya wati chache haionekani kama mzigo, inveta haiamki, kontrola haipati umeme wa kugundua kwamba bomba limefunguliwa, na pampu haiwaki. Ukikutana na hali hiyo usilaumu betri. Zima hali ya kulala.

Kwa hiyo mahitaji yenu ni umeme kidogo kwa jumla, lakini mwingi kwa nukta moja. Ndiyo maana betri inayoonekana kubwa yaweza kushindwa na ndogo ikaweza. Hapa tunafika kwa shemeji.

Kipimo cha 12.6 V alichokupa ni cha kweli, ila mita haivuti umeme wa kutosha kuijaribu betri. Betri nzuri ya 100 Ah huwa na ukinzani wa ndani wa karibu miliohomu 5. Iliyochoka yaweza kufika 20 na kupita. Weka mbili mfululizo, moja ikifuata nyingine ili volti zijumlike, kupata 24 V. Pampu ikianza, inveta itavuta karibu ampea 125 kutoka kwenye betri. Kwa betri nzuri volti hushuka kama 1.3. Kwa zile zilizochoka hushuka 5: kutoka 25.2 hadi 20, na inveta nyingi za 24 V hujizima zikifika karibu 21. Mtarudi kwenye tik-tik-tik ile ile, betri zikisoma 12.6 kila mtu akizipima.

Lakini usizikatae kwa kuzishuku. Ziulizeni zenyewe. Chaji betri moja mpaka ijae, iache ipumzike saa kadhaa, kisha iunganishe na taa ya gari ya halojeni ya wati 55. Taa hiyo huvuta ampea 4.6 hivi, karibu sawa na mwendo ambao betri ya 100 Ah hupimiwa kiwandani. Soma volti kila saa moja na uzime zikifika 10.5. Betri nzima itaiwasha karibu saa 21. Ikifika saa 17 ina asilimia 80 ya uwezo wake, na hapo ndipo watengenezaji wengi huihesabu kuwa imefika mwisho wa kazi. Ikiishia saa 12, ni betri ya 55 Ah iliyovaa kasha la 100. Andika muda juu ya kila kasha kwa chokaa au kalamu, na uirudishe kwenye chaji siku hiyo hiyo, kwa sababu betri ya risasi ikilala bila chaji hushika chumvi kwenye sahani zake na haiponi.

Zikipita zote na zikakaribiana, tofauti isizidi asilimia 10, anaweza kuzipanga mbili mbili kwa 24 V na mkapata kitu cha maana kwa muda fulani. Ikiwa mbili ni nzima na mbili hoi, zile hoi zisichanganywe kamwe. Katika mfululizo, dhaifu huisha kwanza na kulazimishwa kupita sifuri, na wakati wa kuchaji nyenzake huchajiwa kupita kiasi. Jaribio la taa lina faida moja ambayo wewe unaihitaji kuliko volti: ni shemeji mwenyewe, fundi, atakayelifanya na kusoma jibu. Hakuna aliyemkatalia.

Sasa mpango wa mumeo. Usiuone kuwa wa kupita kiasi kabla hujamuuliza anataka ubebe nini. Kama anafikiria pia taa, friji na pampu ya kisima, 5 kVA si wazimu. Pampu ya 1.1 kW huvuta kama 1.6 kW ikizunguka, na kuanza kwake kwaweza kufika 8 kVA kwa nukta, kwa hiyo inveta iwe ya transfoma nzito inayohimili mara mbili ya uwezo wake kwa sekunde kadhaa. Zile nyepesi nyingi huhimili kwa kitambo kidogo mno. Na kama pampu ya kisima ni ya waya mbili bila kisanduku cha kuanzishia juu, kuianzisha ni kugumu zaidi.

Kinachonitia wasiwasi kwenye mpango huo ni zile saa 4. Betri za risasi za 200 Ah hupenda kuchajiwa kwa ampea 20 hadi 40, na zikiwa zimeshuka nusu huhitaji saa 8 au zaidi, kwa sababu sehemu ya mwisho huingia taratibu hata chaja iwe kubwa. Umeme wenu ukirudi kwa saa 4 halafu ukaondoka, betri zitaishi zikiwa nusu nusu, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuziua. Joto nalo lina sehemu yake: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa karibu nusu. Mpango mkubwa wenye betri za risasi, katika umeme wa aina yenu, ni mpango wa kununua betri tena mapema.

Hapo litiamu yako ina hoja. Ile ya LiFePO4 haidhuriki kwa kukaa nusu, hupokea chaji haraka, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 ya kilichomo, wakati ya risasi ni busara kuishia 50. Betri ya 24 V (kwa hesabu kamili 25.6) na 50 Ah ina wati-saa 1,280, mara tatu ya hesabu yetu ya pampu ya presha. Lakini nikuchokoze kidogo, maana naona nawe umeshalipenda jina. Ndani ya litiamu kuna bodi ya ulinzi. Ya 50 Ah mara nyingi huruhusu ampea 50 kwa muda wote, na ile nukta ya ampea 125 yaweza kuifanya ikate umeme ghafla, kimya kabisa, bila onyo. Soma karatasi yake: inaruhusu ampea ngapi, kwa sekunde ngapi? Kwa pampu yenu ningetafuta inayoruhusu 100 kwa muda wote na 200 kwa sekunde chache, na hiyo kwa kawaida ni ya 100 Ah. Pili, chaja ya inveta lazima iwe na mpangilio wa litiamu: volti 28.4 hadi 29.2, bila ile hatua ya kusawazisha inayopandisha volti kwa ajili ya betri za risasi za kuongezwa maji. Na kwa mzigo mdogo kama huu, unaotumia chini ya robo ya betri kila siku, betri 2 mpya za risasi za 100 Ah nazo si chaguo la kijinga. Zingejaa hata katika muda wenu mfupi, mara nyingi. Litiamu hushinda wazi pale mzigo unapokua.

Inveta iwe ya mawimbi laini kama ya umeme wa kawaida. Kwenye kasha huandikwa "pure sine wave". Kwa pampu ya presha peke yake, 2 kVA ya transfoma inatosha. Afadhali mtu apime kwanza kwa mita ya kubana waya yenye uwezo wa kushika mkondo wa kuanzia, kuliko kuniamini mimi na makadirio yangu.

Kontrola yako huwasha pampu kila bomba linapofunguliwa, hata kwa kunawa vidole, na kila mara inveta hupigwa na ile nukta. Wengine huibadilisha kwa swichi ya presha na tangi la presha la lita 24. Ukiiweka iwashe kwenye bar 1.4 na kuzima kwenye 2.4, na hewa ya tangi ikiwa 1.2, unapata lita 6 na ushee bila pampu kuamka. Choo kimoja cha usiku. Ila mpango huo una bei yake. Swichi ya kawaida haijui maji yameisha, kwa hiyo utahitaji floti ya pili ndani ya tangi la mnara, karibu na chini, ili pampu isizunguke kavu. Na kama bar ya kuzimia inakaribia mwisho wa nguvu za pampu, haitazima kamwe. Iache angalau bar 0.4 chini ya hapo.

Kufunga ndiko ambako mifumo mizuri huharibika. Kutoka betri hadi inveta, mita moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, kebo ya shaba ya 35 mm² hupoteza volti 0.2 wakati wa kuanza; ya 6 mm² hupoteza zaidi ya 1 na kuungua. Fyuzi ya DC ya 125 A ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Saketi breka ya nyumbani ya AC haifai hapo, kwani cheche ya DC haijizimi yenyewe. Betri za risasi zisiwekwe kwenye kisanduku kimoja na kontakta: hutoa hidrojeni zikichajiwa, na kontakta hutoa cheche. Zisikae pia chumbani kwa baba wala kwenye kibanda chenye unyevu wa pampu. Na umeme wa inveta usirudishwe kwenye nyumba kwa plagi ya ukutani. Iwekwe swichi ya kubadilishia inayoachia upande mmoja kabla ya kushika mwingine, na fundi ahakikishe kikata-umeme cha uvujaji kinafanya kazi pia mnapokuwa kwenye betri, kwa sababu huko ni bafuni.

Kuhusu lile neno la kuwaachia wenyewe. Anayejua baba huenda chooni mara ngapi, bafu huchukua dakika ngapi, na tangi hukutwa na maji kiasi gani umeme ukikatika, ni wewe. Hizo ndizo namba ambazo hesabu yote hapo juu inasimama juu yake, na mumeo hana, wala shemeji. Zichukue kwa wiki moja kwenye daftari. Ukizileta mezani hutakuwa unabishana nao juu ya inveta; utakuwa umewapa kitu ambacho bila hicho hawawezi kuchagua. Inawezekana mkaanza na floti na bomba la pembeni, mkaona kilichobaki. Inawezekana shemeji akapata betri 2 zinazofaa kati ya 4. Inawezekana mumeo akasema friji nayo imo, na mkakubaliana kuvumilia mpaka muweze litiamu ya kutosha bila kugusa fedha za mazoezi ya baba. Kila njia ina hasara yake na wewe unaijua nyumba yako.

Yoyote mtakayoichagua, ijaribuni mchana, wote mkiwepo. Fungueni bafu la ghorofani, kisha zimeni swichi kuu ya umeme wa nje maji yakiwa yanatoka. Mmoja asimame kwenye betri na mita, mwingine kwenye kontrola. Fungeni na kufungua bomba mara kadhaa ili pampu ianze upya kwenye betri. Volti za betri ya 24 V zisishuke chini ya 22 hata kwa nukta. Zikishuka, tafuteni kebo nyembamba au nati iliyolegea kabla ya kulaumu betri. Shikeni ncha za kebo baada ya dakika 10, kukiwa kumezimwa: iliyo ya moto haijakazwa. Na rilei ikianza kugonga, zimeni mara moja.